Lubumbashi: Historia iliyolala chini ya sakafu ya duche

Mwezi wa saba na wa nane, wakati vumbi jekundu linapotua juu ya majani ya miembe, sauti ya nyundo na patasi inasikika katika parseli nyingi za Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi. Ni msimu wa kuvunja duche na vyoo. Wakati wa kiangazi maji ya ardhini yanashuka, kamba za visima zinaongezwa urefu, na mtu anaweza kuchimba foso bila kuona shimo linajaa maji kabla ya jioni. Mvua ikishika, kwa kawaida kuelekea mwezi wa kumi na moja, aliyechelewa atavumilia harufu hadi mwaka ujao.

Anayeshika nyundo mara nyingi si masoni. Ni baba mwenyewe na vijana wake, ni mama mjane aliyeita wapwa wake, au ni familia ya wahami waliotoka Kivu, Mitwaba au Pweto, wanaopanga chumba kimoja nyuma ya nyumba na kuchangia choo na familia nyingine tatu. Pesa ya fundi haipo, au ilikwisha kuliwa na fundi wa kwanza. Basi wanavunja wenyewe. Chini ya karo wanakuta simenti, chini ya simenti wanakuta karo nyingine, na chini kabisa bomba la chuma lililoliwa na kutu, limefungwa kwa mpira wa baisikeli. Kila tabaka liliwekwa na mtu aliyekuwa na sababu yake, na sababu hizo ni sehemu ya historia ya mji huu. Anayezijua hakosei sana anapotengeneza upya.

Elisabethville ilianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli kutoka Rhodesia ilipofika. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuyeyusha shaba kando ya mto Lubumbashi mwaka 1911. Wafanyakazi waliletwa kutoka vijiji vya Katanga, kutoka Luapula upande wa Waingereza, baadaye kutoka Kasai na Ruanda-Urundi. Walilazwa katika makambi yaliyojengwa haraka, na wengi walikufa: magonjwa ya mapafu, homa ya matumbo, kuhara damu. Madaktari wa wakati ule walijua vizuri kwamba homa ya matumbo na kuhara vinapita katika maji yaliyogusana na kinyesi. Hata hivyo jibu la kwanza la utawala lilikuwa kuwaweka Waafrika mbali. Mwaka 1921 makao yao yalisukumwa upande wa kusini, pahali palipoitwa baadaye komini ya Albert na leo Kamalondo. Kati ya makao hayo na mji wa Wazungu kukaachwa uwanja mtupu wa mamia ya mita, umbali ambao waliamini mbu hawezi kuuruka. Mbu alipimiwa njia yake. Choo cha mtu mweusi kilisubiri.

Katika mji wa Wazungu bafu ilikuwa ndani ya nyumba, na mwafrika aliyeingia humo aliingia na kitambaa cha kusugulia. Maboi ndio waliojua nyumba hizo kuanzia jikoni hadi chooni. Ndio hao hao, katika chama cha wafanyakazi wa zamani wa nyumbani, ambao mwaka 1965 walitoa historia ya mji kwa Kiswahili cha hapa, katika kijitabu kilichoandikwa na André Yav. Wataalamu wa vyuo vikuu vya ng'ambo wamekisoma sana. Hapa mjini kingestahili kusomwa zaidi.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilibadilisha hesabu. Kuleta mtu kutoka mbali, kumfundisha kazi, kisha kumzika baada ya miezi sita, ilikuwa hasara. Kuanzia mwaka 1928 hivi kampuni ikashika siasa ya kuwatuliza wafanyakazi: mikataba ya miaka mitatu, ruhusa ya kuleta mke, nyumba za matofali, hospitali, shule, posho ya kila juma. Majina ya Dokta René Mouchet na Dokta Léopold Mottoulle yanahusiana na kazi hiyo. Vifo vilipungua sana, na hilo lisemwe wazi. Lakini pamoja na nyumba alikuja mkuu wa kambi, yule ambaye watu walimwita Tshanga-Tshanga, na ukaguzi wake. Usafi wa parseli ulikaguliwa kama kazi ya kiwandani ilivyokaguliwa. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Mfanyakazi hakuwa na haki ya kutoboa ukuta wake wala kuhamisha bomba. Robine ikivuja, ofisi iliambiwa na fundi wa kampuni akaja.

Mpango huo ulikuwa na raha yake, wazee wa kambi bado wanaikumbuka. Ulikuwa pia na kasoro ambayo ilionekana miaka hamsini baadaye. Kizazi kizima kilikaa katika nyumba zenye mabomba bila kupata sababu ya kujua bomba linapita wapi, linaelekea foso gani, na foso ile inafunguliwa upande gani. Ramani zilikuwa katika kabati la ofisi. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alitoa mwaka 2001 kitabu juu ya familia za wafanyakazi wa migodi, na katika kichwa chake anawaita wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba ni kampuni. Alipoondoka, aliacha watoto na mabomba bila maelezo.

Katuba ilijengwa kwa namna nyingine. Karibu na mwaka 1950, Ferdinand Grévisse, aliyesimamia makao ya Waafrika ya Elisabethville, aliweka utaratibu ambao wataalamu wa miji bado wanautaja kwa jina lake. Mwenye parseli alipata mkopo wa kujengea, akatafuta masoni wake au akajenga mwenyewe, huku wasimamizi wa ofisi wakipita kupima kuta na kukosoa. Baadaye kidogo Office des Cités Africaines, iliyoundwa mwaka 1952, ilijenga nyumba nyingi zilizokwisha tayari, lakini Katuba ilibaki mfano wa watu waliojijengea. Matofali yalitoka mara nyingi katika udongo wa vichuguu, vile virefu kama nyumba vinavyoonekana bado ukitoka mjini, kwa sababu udongo wa mchwa unashika vizuri ukichomwa. Ukikuta leo ukuta wa Katuba ulionyooka tangu miaka sabini, jua kwamba kulikuwa na mtu aliyeurudisha chini mara moja au mbili kabla ya kuupokea. Choo hakikupewa uangalifu ule ule. Mara nyingi kilibaki mwisho wa parseli, kibanda juu ya shimo, na duche pembeni yake.

Halafu mambo yalikwenda haraka. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1961, wakati wa kujitenga kwa Katanga, makumi ya maelfu ya Baluba wa Kasai waliokuwa wakiwindwa katika komini zao walikimbilia karibu na askari wa Umoja wa Mataifa pembeni ya mji. Kambi ile ilikuwa mji mdogo bila maji ya kutosha na bila vyoo vya kutosha, mpaka wengi wao waliporudishwa Kasai mwaka 1962. Nyumba walizoacha zilipata wakaaji wengine, na kila mkaaji mpya alikuta choo asichokijenga. Jambo hilo lilirudi mwaka 1992 na 1993, wakati watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa, zaidi Likasi na Kolwezi, wakilala kwenye vituo vya gari la moshi wakisubiri safari. Parseli ziliuzwa kwa bei ya haraka au zilichukuliwa tu. Aliyenunua nyumba katika juma moja, kwa mtu anayekimbia, hakuuliza foso ilichimbwa mwaka gani.

Vifaa navyo vilipotea. Mwezi wa kumi na moja 1973 Mobutu alitangaza zairianisasyo, na maduka mengi ya Wagiriki, Wareno na wageni wengine yakapewa wananchi ambao wengine hawakuwa wamefanya biashara hata siku moja. Kufika mwisho wa miaka hiyo, kupata kiungo cha bomba cha kipimo sahihi ilikuwa bahati. Hapo ndipo mpira wa baisikeli ulipoanza kazi yake ndefu. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Gécamines, iliyorithi Union Minière baada ya serikali kuitwaa mwaka 1967, ilikuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Miaka kumi baadaye haikufikia hata tani 50,000. Uporaji wa mwaka 1991 ulibeba mpaka masinki na robine. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipokea pesa ya kuondoka, kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Wengine walitumia sehemu ya pesa hiyo kuongeza vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba. Vyumba viliongezeka. Foso ilibaki ile moja.

Hii ndiyo asili ya sehemu kubwa ya kazi mbaya inayovunjwa leo. Masoni wengi walioifanya walikuwa na akili ya kutosha. Simenti haikutosha, kiungo hakikupatikana, mwenye nyumba alitaka mpangaji aingie Jumamosi. Wapo pia wavivu na wezi, bila shaka.

Basi ukifungua sakafu, unakuta nini?

Kosa la kwanza ni mteremko. Chumba kilichokuwa ghala au jiko kiligeuzwa duche, na simenti ikamwagwa juu ya sakafu ya zamani bila kufikiria maji yataenda wapi. Maji yanasimama kwenye kona, yanaingia chini ya ukuta, na rangi ya chumba cha jirani inaanza kuvimba. Watu wanapaka rangi upya kila mwaka. Ni kazi bure. Sakafu ya duche inataka kushuka sentimita moja mpaka mbili kwa kila mita, kuelekea tundu, kutoka pande zote. Asiye na nivo ya fundi anaweza kutumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji: maji ya ncha mbili hukaa daima kwenye kimo kimoja, na hilo halikudanganyi. Kabla ya kuweka karo yoyote, mimina ndoo nzima na uangalie. Maji yakibaki mahali, vunja hapo hapo, wakati simenti ingali changa.

La pili ni harufu. Familia nyingi zinadhani harufu inatokana na uchafu, zinaongeza dawa na sabuni. Mara nyingi chanzo ni kukosekana kwa sifoni, ile sehemu ya bomba iliyopindwa ili ibakize maji kidogo, kimo cha vidole vitatu hivi. Maji yale ndiyo mlango kati ya nyumba na foso. Bila hayo, hewa ya foso, mende na nzi wanapanda moja kwa moja. Wengine waliondoa sifoni kwa makusudi kwa sababu ilikuwa inaziba. Walitibu ugonjwa mdogo wakaleta mkubwa. Tena Lubumbashi, ambapo maji ya Regideso yanaweza kukatika siku nyingi, sifoni ya duche isiyotumika inakauka. Kikombe kimoja cha maji kila jioni kinatosha kuifunga.

La tatu ni bomba jembamba na kona kali. Choo cha kumwagia maji kinahitaji bomba la milimita 110. Ukikuta la 63, hukuti kosa la kuweka, unakuta pesa iliyopungua siku ile. Kuunganisha bomba nene kwenye jembamba upande wa chini ni kujenga mzibo kwa mikono yako. Na pahali bomba linapogeuka, koude mbili za nyuzi 45 zinapitisha vizuri kuliko moja ya nyuzi 90. Ukilazimika kutumia moja kali, acha hapo kifuniko cha kufungulia, ili siku ya kuziba mtu asilazimike kuvunja sakafu yote. Katika nyumba za zamani ambapo parseli kadhaa ziliunganishwa kwenye mfereji mmoja, ongea na jirani kwanza. Mzibo wako unaweza kuwa kwake.

Halafu karo. Karo nzuri inafunika mengi, na ndiyo sababu wauzaji wa nyumba wanaipenda. Gonga kila moja kwa sarafu au kwa mpini wa kisu: inayolia kama debe imewekwa kwa matone matano ya simenti, na chini yake kuna maji yaliyolala. Duche haihitaji karo ili iwe nzuri. Plasta iliyopigwa vizuri, kipimo kimoja cha simenti kwa vitatu vya mchanga uliochekechwa, ikasuguliwa kwa simenti tupu juu yake na kunyeshewa maji kwa siku saba, inashinda karo mbaya kwa miaka mingi. Siku saba hizo ndizo zinazowashinda watu. Jua la kiangazi linakausha plasta kabla haijashika, inapasuka nyufa nyembamba kama nywele, na mafundi wanashtaki simenti. Simenti nayo ichunguzwe: iwe ya Lubudi au ya Zambia iliyopita Kasumbalesa, mfuko wenye mabonge magumu umekwisha kunywa unyevu, na bei ya chini haitaurudishia nguvu.

Kuhusu foso inafaa kusema kwa ukali kidogo. Mashimo mengi yanayoitwa foso septiki hapa mjini ni shimo tu lenye kifuniko. Foso ya kweli ina sakafu na kuta zisizovuja na vyumba viwili: kinyesi kinashuka na kuoza katika cha kwanza, maji yanapita kwenda cha pili, kisha yanatoka kwenda katika shimo la kunywea lenye mawe, na bomba la kupumulia linapanda juu ya paa. Shimo lisilo na kuta linamwaga kila kitu ardhini. Kwenye parseli ya mita chache, ardhi hiyo ndiyo inayolisha kisima.

Kanuni zinazotumiwa na mashirika ya misaada zinataka choo cha shimo kiwe mita 30 kutoka kisimani, na chini ya shimo libaki angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Parseli nyingi za Kenya na Katuba hazina mita 30 kutoka ukuta hadi ukuta, na choo cha jirani hakihesabu mpaka wa parseli. Kwa hiyo katika sehemu hizo maji ya kisima yachukuliwe kuwa machafu, hata yakiwa meupe, hasa mwezi wa kwanza na wa pili maji ya ardhini yanapopanda. Yaoshe nguo na sakafu. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Mwanzoni mwa mwaka 2008 kipindupindu kilipiga Likasi na Lubumbashi kwa nguvu, na kilirudi tena miaka iliyofuata. Kilitokea katika mvua, wakati mashimo na visima vinapokutana chini.

Kuna mambo matatu ambayo mtu asiyafanye mwenyewe kwa kuokoa pesa. Asiteremke katika foso, hata ikiwa imekaa wazi tangu asubuhi. Hewa yake inaua kimya, na mara nyingi wa pili kufa ni ndugu aliyeruka kumtoa wa kwanza. Foso inatolewa kwa pampu au kwa ndoo ya kamba, watu wakiwa juu. La pili, asikate kwa msumeno mabomba au mabati ya eterniti yaliyo katika baadhi ya nyumba za zamani, zaidi yakiwa makavu: vumbi lake lina asbesto, linakaa katika mapafu. Yafunguliwe mazima, yakiwa yamelowanishwa. La tatu, asipitishe waya wa umeme wa kupashia maji moto karibu na mahali pa kuogea bila fundi umeme wa kweli. Ukuta wa duche ulio na maji ndani na waya mbovu pembeni unaweza kumrusha mtu aliyesimama uchi juu ya simenti.

Inabaki swali la nani analipa, na kwa wahami ndilo swali la kwanza. Mama aliyefika kutoka Goma au Bukavu baada ya matukio ya mwanzo wa mwaka 2025 anapanga mahali anapopata. Anaona maji yanarudi chooni, anaambia mwenye parseli, "Papa, maji inarudi." Anajibiwa angoje mwisho wa mwezi. Miezi mitatu inapita. Watoto wanaanza kuhara. Mwishowe ananunua bomba kwa pesa yake, vijana wake wanachimba, na choo kinapona. Mwaka unaofuata kodi inapandishwa, kwa sababu nyumba sasa ina choo kizuri.

Sheria haiko kimya. Sheria ya mikataba iliyoachwa na wakati wa ukoloni, ya mwaka 1888, inamdai mwenye nyumba kuitunza ili iendelee kufaa kwa matumizi iliyopangishiwa. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupanga nyumba za kukaa inaweka mpaka wa garanti kuwa miezi mitatu. Ukweli ni kwamba wapangaji wachache wanaenda kusema hayo mbele ya ofisi, na mhami anayeogopa kufukuzwa anasema kidogo zaidi. Njia inayofanya kazi mara nyingi ni ndogo: kabla ya kununua chochote, pande mbili ziandike karatasi. Kazi gani itafanywa, vifaa gani, bei gani, na ni miezi mingapi ya kodi itakayokatwa. Shahidi awe mkubwa wa avenue au jirani anayeheshimiwa. Risiti za duka zibaki kwa mpangaji. Mwenye parseli anayekataa kuandika amekwisha kujibu swali, na ni heri jibu hilo lije kabla ya pesa kutoka.

Hesabu ya watu nayo iandikwe. Katika makambi ya wakimbizi, mashirika yanalenga choo kimoja kwa watu 20. Parseli yenye nyumba ya mbele na vyumba vitano nyuma inapita hapo bila mtu kuona, kwa sababu hakuna anayehesabu watoto. Mkipita 20, kutengeneza choo kimoja vizuri zaidi hakutoshi. Gharama ya shimo la pili igawanywe wakati wa kiangazi, familia kwa familia, na zamu ya kuosha ibandikwe mlangoni. Zamani wakaguzi wa usafi walipita parseli kwa parseli na watu walilipa faini. Miaka ya 1970 ikaja salongo. Leo, katika parseli ya kupanga, hakuna anayepita. Wakaaji wenyewe ndio ukaguzi.

Kazi ikiwa imekwisha na mabomba yangali wazi, ziba tundu la chini, jaza maji na uache usiku kucha. Asubuhi, kama kimo hakikushuka, funika. Lakini kwanza piga picha kwa telefone, kipimo cha mita kikiwa kimelazwa pembeni, kisha chora bomba linapopita, kina chake, na upande foso inapofunguliwa. Mchoro mmoja ukae na karatasi za parseli. Mwingine uandikwe kwa rangi ya mafuta nyuma ya mlango wa choo, ambapo atakayevunja siku nyingine ataukuta bila kuuliza ofisi yoyote.